Programu ya Java Ikikataa Kuanza: Somo kwa Vikundi Vyenye Kompyuta



Kuanzia Subukia na Bahati mpaka Molo na Kuresoi, vikundi vingi siku hizi vina kompyuta. Nyingine zilinunuliwa kwa pesa ya akiba, nyingine zililetwa na wafadhili zikiwa zimeshazeeka. Na mara nyingi yuko kijana, mtoto wa mwanachama, aliyesomea kompyuta katika chuo cha ufundi, naye amesema, "Mama, mimi nitawaandikia programu ya kuhesabu mikopo." Hilo ni jambo jema sana. Shida huja siku ile programu inapokataa. Skrini inajaa maneno ya Kiingereza, kijana anaona haya, mweka hazina anaanza kuguna, na kabla ya jua kutua mtu ameshasema, "Hii mashine tuipeleke mjini ipigwe window upya."

Somo letu ni kuhusu saa hiyo. Nataka tuone pamoja kwamba mashine inapokataa huwa inasema kwa nini, na kwamba kikundi chenyewe kinaweza kuijua sababu kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza tujue hasara yenyewe. Kupiga window upya mara nyingi ni kufuta kila kitu kilichomo. Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Subukia kilikuwa karibu kufanya hivyo. Wanachama 25, hesabu za miaka mitatu zimo ndani ya mashine, na lile daftari la zamani waliacha kuliandika siku kompyuta ilipofika. Kama ingefutwa, nani angesema mama fulani amelipa na fulani bado? Majirani wamegombana kwa mambo madogo kuliko hayo. Tena mashine ikienda kwa fundi inaenda na nambari za vitambulisho na za simu za wanachama wote. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeweka habari za watu azilinde, na kikundi si kidogo mno kuhusika. Kumbe kosa lenyewe halikuwa la Windows hata kidogo.

JAVA NI KITU GANI

Wakulima wa kahawa wa Bahati na Solai watafurahi kusikia kwamba jina hili limetoka kwa kahawa, ile ya kisiwa cha Java kule Indonesia. Ndiyo sababu alama yake ni kikombe kinachotoa moshi. Java ni lugha ya kuandikia programu. Ilitengenezwa Marekani na James Gosling na wenzake katika kampuni ya Sun Microsystems, ikatolewa kwa watu wote mwaka 1995. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun pamoja na Java yake. Ahadi ya wenye Java ilikuwa hii: andika programu mara moja, nayo itakwenda katika mashine yoyote. Ahadi hiyo ni ya kweli, ila ina masharti, na masharti hayo ndiyo yanatusumbua vijijini.

Msidhani ni kitu cha mbali. Mwaka 2004 madaktari waliokuwa wakifanya kazi na Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya Eldoret walianza mpango wa kuweka rekodi za wagonjwa unaoitwa OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na leo unatumika katika nchi nyingi. Umeandikwa kwa Java. Mfumo ambao Wizara ya Afya imetumia tangu 2011 kukusanya hesabu za zahanati zote za Kenya, DHIS2, nao ni Java. Kwa hiyo kijana wenu anayeandika programu ya mikopo anashika jembe lile lile.

Sasa tuelewe inavyofanya kazi. Fikirini mahindi. Kijana anaandika programu kwa maneno ya kusomeka: hayo ni mahindi. Faili yake inaishia na .java. Mahindi hayaliwi hivyo, yanapelekwa kwa kinu. Kinu cha Java kinaitwa kompaila, na amri yake ni javac. Kinatoa unga, yaani faili inayoishia na .class. Halafu unga unaingia sufuriani unakuwa ugali: hapo ndipo programu inafanya kazi, na amri yake ni java, bila herufi c mwishoni. Mashine nyingi zina sufuria peke yake, hazina kinu. Anayetaka kuandika programu anahitaji vyote viwili, na kifurushi chenye vyote kinaitwa JDK.

Mkishika hayo matatu, mahindi, unga na ugali, mmeshafika mbali. Kila kosa tutakalotaja liko mahali pamoja kati ya hapo.

ONA

Njia ya Ona, Amua, Tenda tunaijua kutoka jumuiya zetu. Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliianzisha kati ya vijana wafanyakazi, na Papa Yohane XXIII akaisifu katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961. Mimi sijaona njia bora kuliko hiyo hata kwa kompyuta.

Kuona ni kusoma. Si kutazama tu, ni kusoma. Watu wengi wakiona maneno mengi ya kosa huyafunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Hapana. Acheni yakae. Kijana ayanakili kwa penseli, herufi kwa herufi, au ayapige picha kwa simu. Mstari wa kwanza ndio wenye habari nyingi zaidi. Mara nyingi utataja jina la faili na nambari ya mstari wenye shida.

Halafu kikundi kiulize maswali ya kawaida ambayo hayahitaji masomo. Programu hii imewahi kufanya kazi? Lini? Ilikuwa kwa mashine hii ama nyingine? Tangu siku ile ni nini kimebadilika: mtu ameweka kitu kipya, stima imepotea ghafla wakati wa kuhifadhi, faili imehamishwa kwa flashi? Mama asiyejua kutumia kibodi anaweza kuuliza maswali haya vizuri kuliko kijana, kwa sababu kijana yuko mbio kutafuta jibu.

AMUA

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye kazi.

Vijana wengi huandika ndani ya programu kubwa kama Eclipse, NetBeans au IntelliJ, zenye kitufe cha kubonyeza ili kazi ianze. Wakibonyeza na kitu kisitokee, wanachanganyikiwa, kwa sababu hawajui kama aliyekataa ni Java au ni hiyo programu ya kuandikia. Basi tokeni huko. Fungueni dirisha jeusi la amri: andikeni cmd mahali pa kutafutia katika Windows. Hapo andikeni

java -version

kisha

javac -version

Majibu ya amri hizi mbili yanagawanya shida katikati. Zote mbili zikijibu kwa nambari, na programu ikikubali katika dirisha jeusi, basi Java ni nzima na kosa liko katika mipangilio ya Eclipse au NetBeans. Labda inatafuta Java ya zamani iliyoondolewa. Programu ikikataa hata hapo, mwacheni Eclipse, hana hatia.

Tuseme java imejibu lakini javac imeleta maneno "'javac' is not recognized as an internal or external command". Maana yake: sikijui kinu hicho. Sababu ni mbili. Ama mashine haina kinu kabisa, ina sufuria tu. Ama kinu kipo lakini kompyuta haijui kilipo. Hii ya pili inasumbua watu sana. Ni kama kumtuma mtoto Nakuru mjini akamtafute mjomba, ukampa orodha ya nyumba tatu za kuuliza. Mjomba anakaa nyumba ya nne. Mtoto atarudi aseme, "Sikumpata," wala si uongo. Orodha hiyo katika kompyuta inaitwa PATH. Tazameni ndani ya Program Files kama kuna folda ya Java au ya JDK. Ikiwapo, ongezeni folda yake ya bin katika orodha. Halafu fungeni dirisha jeusi mfungue jipya, maana dirisha la zamani linakaa na orodha ya zamani. Wengi hurekebisha vizuri kabisa, wakajaribu katika dirisha lile lile, wakakata tamaa.

Kosa la kinu kusema "file not found: Mikopo.java" wakati faili unaiona kwa macho yako? Sababu mbili za kawaida. Dirisha jeusi limesimama katika folda nyingine. Ama Notepad imeongeza mkia bila kusema, faili ikawa Mikopo.java.txt, na Windows imeuficha huo mkia. Waambieni Windows waonyeshe mikia ya majina ya faili. Sijui ni nani aliyeona ni busara kuificha.

Kinu kikikubali, kinanyamaza. Hakisemi asante wala kwaheri. Kijana mgeni atadhani hakuna kilichotokea, kumbe unga uko tayari.

Kisha kuna ujumbe "Could not find or load main class". Hapa ni sufuria inasema: unga ulioutaja siuoni. Tazameni jina. Java inatofautisha herufi kubwa na ndogo, hata kama Windows haijali. Mikopo na mikopo kwake ni watu wawili. Tena amri ni java Mikopo, si java Mikopo.class. Jina la ndani ya programu baada ya maneno public class nalo lazima lifanane na jina la faili.

Sasa turudi kwa akina mama wa Subukia. Ujumbe wao ulianza na neno refu, UnsupportedClassVersionError, na chini yake nambari mbili: 65.0 na 52.0. Kijana alikuwa ametengeneza programu chuoni mjini, ikaenda vizuri, akaileta kwa flashi. Nyumbani ikakataa. Alisema, "Mama mwenyekiti, hii mashine imeharibika." Tukakaa na ile njia ya kuuliza "Lakini kwa nini?" tunayotumia katika semina za vikundi.

Programu imekataa. Kwa nini? Mashine inasema unga huu ni wa toleo la 65, na yenyewe inajua mpaka 52 tu. Lakini kwa nini ni 65? Kwa sababu ulisagwa kwa Java 21, iliyotoka mwaka 2023. Na kwa nini ya kikundi iko 52? Kwa sababu ina Java 8, ya mwaka 2014, iliyowekwa kabla mashine haijaletwa. Lakini kwa nini hakuna aliyejua? Mama mmoja akajibu: "Kwa sababu hatujawahi kuandika mahali popote kilichomo ndani." Jibu hilo la mwisho halikuwa la mashine, lilikuwa la kikundi.

Hesabu yake ni rahisi: chukua nambari ya unga, toa 44. 65 toa 44 ni 21. 52 toa 44 ni 8. 61 ni Java 17, na 55 ni Java 11. Mnaweza kulieleza jambo hili kwa wazee hivi: vijana wanaelewa sheng na wanaelewa Kiswahili cha babu yao, lakini babu haelewi sheng. Java mpya husoma unga wa zamani, Java ya zamani haisomi unga mpya. Mashine haikuharibika. Ilikuwa imezeeka, basi.

Jambo dogo la kutazama kwa mashine za msaada: nyingi zina Windows ya biti 32, na Java ya biti 64 haitakubali kuwekwa humo. Pia betri ndogo ya saa ikifa, kompyuta hurudi miaka ya nyuma, na intaneti itakataa kuwapa faili kwa sababu tarehe si sawa. Rekebisheni saa kwanza.

TENDA

Kabla ya kugusa kitu, hesabu za kikundi zinakiliwe kwa flashi mbili, moja ikae kwa mweka hazina na nyingine kwa mwandishi. Hilo halina mjadala.

Halafu badilisheni kitu kimoja tu, mjaribu, mwandike matokeo. Kijana mwenye haraka atabadilisha vitu vitano kwa mpigo. Ikikubali, hatajua ni kipi kilichoponya. Ikikataa zaidi, hatajua ni kipi kilichoharibu.

Akina mama wa Subukia walikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuweka Java mpya katika mashine yao. Java ya bure kabisa ipo, inaitwa OpenJDK, na mtu akiwatoza pesa ya leseni yake mwulizeni vizuri ni leseni gani. Faili yake ni kubwa, kama megabaiti 150 hadi 200, kwa hiyo afadhali kuichukua saiba kwa flashi kuliko kumaliza bando la mtu. Njia ya pili, kijana arudi chuoni asage upya kwa namna ambayo babu ataelewa:

javac --release 8 Mikopo.java

Walichagua ya pili, kwa sababu mashine yao ni kuukuu na haina nafasi. Kinu kilitoa onyo kwamba 8 imepitwa na wakati. Onyo si kosa, unga ulitoka. Gharama yote ilikuwa nauli ya matatu kwenda na kurudi. Ingekuwa programu imetumia mambo ambayo Java 8 haina, kinu kingekataa na kutaja mstari, nao wangelazimika kuandika sehemu hiyo upya. Bahati nzuri haikuwa hivyo.

IKIKUBALI LAKINI IKISEMA UONGO

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniogopesha. Programu inayokataa kuanza ni kama mtu anayesema wazi hataki. Mnajua mko wapi naye. Iko nyingine inayokubali, inatoa jibu kwa heshima zote, na jibu si la kweli.

Tazameni programu hii ndogo ya riba ya asilimia 10 kwa mkopo wa shilingi 5,000:

public class Mikopo {
  public static void main(String[] args) {
    int mkopo = 5000;
    int riba = mkopo * 10 / 100;
    System.out.println("Riba ni " + riba);
  }
}

Itasema "Riba ni 500". Ni sawa. Sasa kijana aandike mstari wa riba hivi: int riba = 10 / 100 * mkopo; Kwa penseli ni hesabu ile ile. Java itasema "Riba ni 0". Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna maneno ya kutisha. Sababu ni kwamba neno int ni nambari nzima, isiyo na sehemu. 10 ikigawanywa kwa 100 ni sehemu ya kumi ya moja, Java inaitupa hiyo sehemu, inabaki sifuri, na sifuri mara 5,000 ni sifuri. Kikundi kinaweza kukaa miezi sita bila riba na kila mtu anashangaa pesa imeenda wapi. Na atakayelaumiwa ni nani? Ni mama mweka hazina, wala si kompyuta.

Kwa hiyo kila programu mpya ijaribiwe kwa mikopo mitatu ambayo mweka hazina ameshaihesabu mwenyewe kwa daftari. Majibu yasipolingana, daftari ndilo linaloaminika mpaka sababu ijulikane. Kijana asichukie. Hata wahandisi wakubwa hujaribu kazi yao hivyo hivyo.

KAZI YA KIKUNDI

Kaeni watu wanne au watano kwa mashine moja. Kijana aandike programu hiyo hapo juu na kuhakikisha inafanya kazi. Halafu mwanachama mwingine, yule ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aiharibu kwa makusudi: aondoe nukta-mkato moja, au abadilishe M ya Mikopo iwe ndogo, au aandike main kama mian. Wengine wageuze uso. Kisha wasome ujumbe pamoja na kutafuta ni mahali gani palipoguswa, na kama ni mahindi, unga au ugali. Rudieni mara tatu au nne. Nimeona bibi wa miaka sitini na zaidi akiiona nukta-mkato kabla ya mjukuu wake.

Mkimaliza, jadilianeni haya: Mashine yetu ina Java ya toleo gani, na ni nani anayejua? Hesabu zetu zikipotea leo jioni, tungezirudisha kutoka wapi? Kijana wetu akipata kazi Nairobi mwezi ujao, ni nani mwingine anayeweza kufungua dirisha jeusi?

Chagueni mtu wa kuweka daftari la mashine. Ukurasa wa kwanza uwe na tarehe, aina ya Windows, biti 32 au 64, na majibu ya zile amri mbili. Kurasa zinazofuata ni za makosa: mstari wa kwanza wa ujumbe, kilichobadilishwa, na kama ilikubali.